Sikio Hutangulia Jicho

Kwa miaka kadhaa sasa pamezuka katika wilaya ya Kasese, magharibi ya Uganda, hamu kubwa ya kuwafundisha watoto wadogo kusoma kwa sauti za herufi za Kiingereza. Katika mji wa Kasese wenyewe, na kule Bwera karibu na mpaka wa Kongo, shule ya kulipia isiyotangaza kwamba inafundisha hivyo huonekana iko nyuma ya wakati. Hamu hiyo haina ubaya kwa asili yake. Ubaya uko mahali ilipowekwa: imewekwa mwanzoni kabisa mwa safari ya mtoto, kabla hajapata kusoma hata neno moja la lugha anayoisema. Nasi walimu wa Kiswahili, ambao ingetupasa tuwe wa kwanza kupiga kelele, tumekaa kando tukiambizana kwamba hayo ni mambo ya wenzetu wa Kiingereza, sisi tungoje zamu yetu madarasa ya juu. Makala haya yana ugomvi na pande zote mbili.

Naomba nieleweke mapema. Sina nia ya kukipiga vita Kiingereza. Mtoto wa Uganda atafanya mtihani wa kumaliza darasa la saba kwa Kiingereza, na mzazi anayeuza kahawa ya mlimani, au chumvi ya Katwe, ili alipe karo anajua hivyo vizuri kuliko sisi tunaoandika makala. Mtu atakayemwambia mzazi huyo kwamba Kiingereza ni kasumba tu, ilhali watoto wake mwenyewe wanakisoma, ni mnafiki na asisikilizwe. Swali letu ni jingine: mtoto wa Kikonzo afikishweje kwenye Kiingereza hicho akiwa msomaji, badala ya kufikishwa akiwa kasuku?

Hebu tulitazame jambo lenyewe. Kufundisha kusoma kwa sauti, ambako siku hizi walimu hukuita foniksi, ni kumwonyesha mtoto kwamba alama iliyoandikwa husimama badala ya sauti, na kwamba sauti zikiunganishwa kwa mpango hutoa neno. Mwalimu haiiti herufi m kwa jina lake la Kiingereza. Huitoa kama inavyosikika midomo inapofumbwa. Mbinu hii ni bora mara nyingi kuliko ile iliyotangulia, ambayo mahali pengi haijafa. Watoto waliimbishwa majina ya herufi, ei, bii, sii, dii, kisha wakaambiwa kwamba sii na ei na tii ni “cat”. Kwa kanuni gani? Ukiziunganisha utapata “siieitii”, jina ambalo labda lingeifaa dawa ya minyoo, lakini paka haitiki. Mtoto mwenye akili aliyeuliza swali hilo aliambiwa anyamaze akariri, na wengi walinyamaza moja kwa moja. Kwa hiyo anayeleta mbinu ya sauti mahali pa wimbo ule ameleta jambo la maana, na sitaki nihesabiwe miongoni mwa wale wanaoikataa kwa sababu tu imetoka Ulaya.

Lakini mbinu hiyo ina sharti ambalo waliotuletea hawakuliandika juu ya kifurushi, pengine kwa kuwa kwao halihitaji kuandikwa. Mtoto wa Kiingereza anapoingia shule akiwa na miaka mitano huwa amekwisha kuyasikia na kuyatamka maelfu ya maneno ya lugha yake. Akiunganisha sauti tatu zilizo katika “hen”, sikio lake humwambia papo hapo: huyu ni kuku, namfahamu. Jicho limepeleka barua na sikio limejibu. Akikosea, sikio humsahihisha. Akisoma “said” kwa kufuata herufi zake zote, husikia kwamba hakuna neno kama hilo, hurudi nyuma, hujaribu tena. Bila mwalimu kumgusa, mtoto huyo anajifundisha mwenyewe, na hapo ndipo siri ya mbinu nzima ilipo.

Sasa mchukue mtoto wa Karambi au Ihandiro, aliyelelewa kwa Kikonzo, lugha ambayo wenyewe huiandika Lhukonzo. Mpe “hen” ileile. Ataziunganisha sauti, kwani hana upungufu wowote wa akili. Atatamka neno sawasawa, tena pengine kwa lafudhi ya kupendeza. Kisha kimya. Hakuna kinachoitika ndani yake. Barua imepelekwa kwenye nyumba isiyo na mtu. Mwalimu husifu, darasa hupiga makofi, mgeni wa siku ya wazazi hutoa machozi ya furaha, na mtoto huketi chini akiwa ametoa sauti bila ya kusoma. Maana kusoma ni kuelewa. Mwaka wa kwanza hatuoni hasara, kwa sababu vitabu vya mwaka wa kwanza vina picha. Hasara huonekana darasa la nne na la tano, picha zinapokwisha na masomo yote yanapogeuka kuwa ya Kiingereza. Hapo ndipo tunaposema kwamba mtoto huyu “ameharibika ghafla”. Hakuharibika ghafla. Alianza kuharibiwa siku ile alipopigiwa makofi.

Kuna na tatizo la ulimi wetu sisi tunaofundisha. Lugha zetu za Kibantu hupenda silabi iishie kwa irabu, na mwalimu aliyekulia ndani yake huona vigumu kuitamka konsonanti peke yake bila ya kuifuatishia irabu. Akiambiwa atoe sauti ya b hutoa ba. Akiambiwa atoe ya t hutoa ta. Katika lugha zetu kasoro hiyo ni ndogo na hurekebika. Katika Kiingereza huzaa vichekesho. Neno “bat”, yaani popo, likisomwa na darasa zima kwa mtindo huo huwa ba-a-ta, na popo wa Waingereza hugeuka bata mbele ya macho ya watoto sitini. Simlaumu mwalimu huyo hata kidogo. Amepewa chati ya ukutani na semina ya siku chache, akaambiwa afundishe sauti ambazo yeye mwenyewe hakupata kufundishwa kuzisikia.

Na ni sauti ngapi hizo? Kiingereza kinachosemwa Uingereza kina takriban sauti 44, nazo zinaandikwa kwa herufi 26. Irabu peke yake ni karibu 20, zikigawiwa herufi tano na msaada wa y. Maneno “bad”, “bud”, “bard” na “bird” huwa manne kwao. Kwetu Afrika Mashariki wengi tunayatamka mawili au hata moja, na hakuna aibu katika hilo, bali ni ugumu wa kweli kwa anayetaka kufundisha tofauti ya herufi zake. Hebu tazama pia gh. Mtoto wa Kikonzo anapokunywa maji hunywa “amaghetse”, na gh ile ni sauti aliyoijua tangu kuzaliwa. Akija kwenye Kiswahili ataikuta jirani yake sana katika lugha na ghala, imekaa palepale, inafanya kazi ileile. Akipelekwa kwenye Kiingereza ataikuta katika “ghost” ikiwa g, katika “night” ikiwa bubu, na katika “rough” ikiwa f. Lugha inayoamka asubuhi ikiwa na gh tatu si mahali pa kumfundishia mtoto kwamba herufi hutimiza ahadi.

Waingereza wenyewe wanalijua jambo hili. Mwaka 2003 Philip Seymour wa Chuo Kikuu cha Dundee, huko Scotland, pamoja na wenzake, walichapisha uchunguzi uliolinganisha watoto wa nchi mbalimbali za Ulaya wanaoanza kusoma. Katika nchi nyingi watoto walimudu misingi ya kusoma kabla ya kwisha mwaka wa kwanza wa shule. Wale wanaosoma Kiingereza walikwenda kwa mwendo uliozidiwa zaidi ya mara mbili, na sababu kubwa ni tahajia yake. Tangu mwaka 2012 kila mtoto wa England aliye katika mwaka wa kwanza, akiwa na umri wa kama miaka sita, hupimwa kwa kusomeshwa maneno 40 ili ionekane kama amezishika sauti za herufi. Hao ni watoto walioinyonya lugha hiyo pamoja na maziwa. Ikiwa mwenye nyumba hujikwaa kizingitini kwake miaka miwili, mgeni anayeingizwa gizani tunamtarajia nini?

Ajabu ni kwamba hekima ninayoidai imekwisha kuandikwa na serikali ya Uganda. Waraka wa mwaka 1992 kuhusu elimu ulisema kwamba vijijini watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha za kwao. Mtaala ulioanza mwaka 2007 ukalitia jambo hilo katika utaratibu: madarasa matatu ya kwanza kwa lugha ya eneo, darasa la nne liwe daraja la kuvukia, na kuanzia la tano Kiingereza. Kikonzo kimo miongoni mwa lugha zilizoandaliwa kwa kazi hiyo. Ulipoanza mwaka 2012 mradi wa kusoma uliofadhiliwa na Marekani, lugha 12 za Uganda zilitengenezewa vitabu vya kusomea, nacho Kikonzo hakikuachwa nje. Sheria basi ipo, na vitabu vilikwisha kuandikwa. Kilichokosekana ni moyo. Shule ya serikali inayofuata mtaala huona watoto wakihamia shule ya jirani inayojigamba kwa Kiingereza cha chekechea. Mwaka unaofuata, kwa kuogopa kubaki na madawati matupu, nayo huificha lugha ya kijiji uvunguni.

Katika miji hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa huko waraka wenyewe ulifungua mlango. Ulikata kwamba mijini, ambako watoto huchanganyika, lugha ya kufundishia iwe Kiingereza tangu mwanzo. Sababu iliyotolewa ni kwamba hakuna lugha moja inayowaunganisha. Labda waandishi wa waraka walikuwa wakiufikiria mji mwingine, lakini kwa mji wa Kasese sababu hiyo haisimami. Kasese ni mtoto wa reli na shaba. Reli iliufikia mwaka 1956, mwaka uleule ambao migodi ya Kilembe iliingia katika uzalishaji mkubwa, na wafanyakazi wakamiminika kutoka pembe zote za Uganda na nje yake. Walikaa kambi moja, wakashuka shimo moja, na kwa sehemu kubwa walielewana kwa Kiswahili. Shaba ilififia, lakini Kiswahili hakikuondoka na mabehewa. Kipo kwenye maegesho ya magari, kipo Hima kwenye saruji, kipo sokoni. Hata hivyo mtoto wa mji huo, ambaye hucheza na wenzake kwa mchanganyiko wa Kikonzo, Kitooro na Kiswahili, akiingia darasani huambiwa kwamba lugha ya kwanza atakayoisoma ni ile ambayo hakuna hata mmoja kati yao anayeicheza.

Bwera nako kuna somo lake. Mto Lhubiriha unaotenganisha Mpondwe na Kasindi ulifanywa mpaka na Waingereza na Wabelgiji katika makubaliano ya mwaka 1910, nao hawakuwauliza Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande ule, ambao lugha zao zinakaribiana kiasi cha kusikilizana bila mkalimani. Siku za soko watu huvuka wakiwa na maharagwe, kahawa, vitenge na mafuta ya mawese. Akikutana mtu wa Butembo na mtu wa Kampala, hesabu hufanywa kwa Kiswahili. Mtoto anayemsaidia mama yake kuuza nyanya pale ana masikio yaliyokwisha kujaa namba za Kiswahili, majina ya vitu, maneno ya adabu na, tukubali, matusi machache. Hiyo ni mali. Mwalimu wa darasa la kwanza huipita kama takataka ya njiani akikimbilia “apple”, tunda ambalo mtoto hajapata kulionja.

Hapa najua baadhi ya wasomaji wa jarida hili wameanza kutabasamu, wakidhani nimekuja kuwaunga mkono katika lile wazo lililopata nguvu tangu baraza la mawaziri la Uganda lilipoamua, Julai 2022, kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Wazo lenyewe ni kwamba sasa Kiswahili kishike kila darasa la kwanza, kuanzia bondeni hadi mlimani. Walimu wenzangu, la hasha! Kama kuna mahali katika Afrika Mashariki ambapo mwalimu wa lugha hana udhuru wa kutojua historia, ni Rwenzori. Wakonzo na Waamba walikuwa chini ya ufalme wa Toro, na watoto wao walisomeshwa kwa Kitooro. Mwaka 1962 wajumbe wao, wakiongozwa na Isaya Mukirane, walipotoka nje ya baraza la Toro na kuanzisha harakati za Rwenzururu, dharau iliyotendewa lugha yao ilikuwa miongoni mwa malalamiko waliyoyabeba, na damu ilimwagika kwa miaka mingi baadaye. Watu walioteswa na ubao wa lugha ya jirani hawatafurahi kuona tumeufuta tukaandika juu yake lugha ya pwani.

Isitoshe, Kiswahili kina deni la zamani Uganda. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa kwa amri, na kwa raia wengi kikabaki lugha waliyoisikia kwenye vizuizi vya barabarani kutoka kwa watu wenye bunduki. Lugha iliyoingia kwa buti haiwezi kusafishwa kwa amri nyingine. Itasafishwa na mtoto atakayerudi nyumbani akamsomea bibi yake kitu kinachoeleweka. Kwa sababu hiyo, katika vijiji vya Bukonzo, darasa la kwanza ni la Kikonzo, na mwalimu wa Kiswahili asiyekijua Kikonzo abishe hodi kwanza. Katika madarasa ya mijini yaliyochanganyika kweli, na hapo tu, naona Kiswahili kina haki kubwa kuliko Kiingereza ya kuwa lugha ya kwanza ya kitabu.

Kazi yetu kubwa, kwa maoni yangu, iko hatua ya pili, nayo ndiyo ambayo hatujaifikiria hata kidogo. Kusoma, kwa maana ya kuufahamu ule ujanja wa sauti na alama, hujifunzwa mara moja. Aliyeufahamu kwa Kikonzo hahitaji kuufahamu upya kwa Kiswahili wala kwa Kiingereza. Anahitaji kuelezwa mikataba mipya tu. Na kati ya mkataba wa Kikonzo na ule wa Kiingereza ulio mrefu na wenye maandishi madogo madogo, Kiswahili ni kituo kizuri mno cha kupumzikia. Irabu zake ni tano na hazibadiliki. Kina th na dh, sauti mbili kwa alama mbili: thelathini haichanganyiki na dhahabu. Kiingereza kina sauti hizohizo, lakini huziandika zote kwa th, ya “thin” na ya “this”, kisha humwachia msomaji abahatishe. Mtoto aliyezoezwa na Kiswahili huambiwa tu: wao wameunganisha nyumba mbili chini ya paa moja. Ataelewa, kwa sababu nyumba zote mbili anazijua. Vivyo hivyo ng'. Sisi tunatia kibainishi tukitofautisha ng'ombe na ngoma. Wao huandika “singer” na “finger” kwa ng ileile, ingawa ya kwanza ni ya ng'ombe na ya pili ni ya ngoma. Kwa mwalimu wa Kiingereza peke yake hilo ni fumbo la darasa la saba. Kwa mwalimu aliye na Kiswahili mkononi ni somo la dakika kumi. Ch na sh nazo hutangulia kujulikana. Yanayobaki kuwa mapya kweli yanahesabika: irabu fupi za Kiingereza, konsonanti zinazofunga neno, mafungu ya konsonanti kama katika “street”, ambayo ndimi zetu hupenda kuyafungua yawe sitiriti, na zile herufi c, q na x ambazo tungeweza kuishi bila ya kuwa nazo.

Nani basi afundishe hayo? Mwalimu wa Kiingereza na wa Kiswahili waketi meza moja. Najua inasikika kama ndoto kwa watu ambao mahali pengine hata chaki hawaazimani. Hata hivyo mpango wake si mgumu. Katika madarasa mawili ya kwanza Kiingereza kiwe cha sikio na mdomo: nyimbo, amri za simama na keti, majina ya vitu vinavyoshikika, hadithi zinazosimuliwa kwa vitendo, na michezo ya kusikiliza neno linaishia na sauti gani. Watoto wasionyeshwe neno la Kiingereza kwenye karatasi kabla halijakaa masikioni. Katika darasa la tatu, wakiwa wanasoma Kikonzo bila kusukumwa na wana maneno mia chache ya Kiingereza wanayoyaelewa, ndipo chati ile ya sauti za Kiingereza itundikwe. Itafanya kazi, kwa sababu sasa nyumba ina mtu wa kupokea barua.

Wapo watakaosema kwamba nawasema wenzetu huku kwetu kunavuja. Ni kweli kunavuja. Ba be bi bo bu tuliyoirithi, inayoimbwa na darasa zima kuanzia saa mbili mpaka kengele, si kusoma pia. Mtoto wa benchi la nyuma anaweza kuimba mwaka mzima akitazama dirishani. Silabi ni njia nzuri kwa lugha zetu, lakini lazima ivunjwe na ijengwe upya: ka na la na mu ziwe kalamu, kisha la itoke hapo iende ikaunde lala na mlango, na mtoto aone kwamba ni ileile. Tanzania ilipoandika upya mtaala wa madarasa mawili ya kwanza mwaka 2015, ikaweka mbele kusoma, kuandika na kuhesabu, ilikuwa imekiri kwamba watoto wanaozungumza Kiswahili tangu alfajiri wanaweza kufika mbali shuleni bila ya kukisoma. Kenya nayo, katika mpango wake wa Tusome ulioenea nchini mwaka huohuo, iliwafundisha watoto sauti za herufi kwa Kiswahili na kwa Kiingereza sambamba, kila moja kwa kitabu chake. Nina shaka kama sambamba hiyo inaifaa Kasese, ambako kuna lugha ya tatu inayostahili kutangulia. Lakini angalau wenzetu hao hawakukaa kando wakisubiri zamu.

Kuhusu vitabu na fedha sitasema mengi, maana ni wimbo wa kila mkutano. Vilivyopo vitolewe makabatini, vitiwe mikononi mwa watoto hata kama vitachakaa. Kitabu kilichochakaa kimesomwa. Ila kuna jambo moja tusilisahau. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, na hazikufunguliwa kwa watoto wote mpaka Januari 2022. Mtoto ambaye kusoma kwake kulikuwa ni kuitikia kwaya alibaki bila kwaya kwa karibu miaka miwili. Yule aliyekuwa ameushika ujanja wenyewe kwa lugha ya nyumbani aliweza kusoma tangazo la zahanati, jina la duka, karatasi iliyofungiwa sukari. Darasa halikuwepo, lakini kusoma hakukumtoroka.

Basi nakiomba chama chetu mambo mawili tu. Kwanza, kiache kuomba vipindi vya Kiswahili katika darasa la kwanza la vijiji vya Kasese, na badala yake kiombe nafasi ya kukaa na walimu wa Kikonzo na wa Kiingereza kuandaa hatua ya pili niliyoieleza. Pili, kidai kwamba shule za miji ya Kasese, Kilembe na Hima ziruhusiwe kuanza kusoma kwa Kiswahili pale madarasa yanapochanganyika, ijaribiwe miaka mitatu, matokeo yapimwe hadharani. Wenye hoja tofauti waziandike katika toleo lijalo, nami nitazisoma kwa heshima. Lakini kwanza waingie darasa lolote la pili, iwe Bwera au Kasese, wamwombe mwalimu afunge kitabu. Waandike ubaoni neno moja ambalo halimo kitabuni, hata liwe la kubuni, kama yalivyo maneno 20 kati ya yale 40 wanayopimwa watoto wa England. Waandike “temuka” au “balosi”. Kisha wamwite mtoto wa benchi la nyuma kabisa, peke yake, bila kwaya, na wasikilize.